Povu la Mzee Bwanausi

Kwa maelezo ya Bi Ashatu, Masoud wa Kaole alikuwa mzima kabisa mpaka siku alipopeleka mkojo hospitali. Alitoka kwake kwa miguu yake, kichupa kimo mfukoni, anasalimia watu njiani. Akafika, akakiweka kwenye meza ya maabara pamoja na vya wenzake. Vya wenzake vikatulia, vichupa vyenye adabu zao. Cha Masoud kikaanza kutoa povu. Povu likapanda, likasukuma kifuniko, likamwagika mezani, na vijana wa maabara wakaitana waje kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti iliyosikika hadi nje kwenye mabenchi, "Huyu wa nyumba ya nani?" Akatokea wa kumjibu, akataja nyumba, mtaa, na ukoo mpaka kwa babu. Haikupita muda Masoud yuko Dar es Salaam, amelazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, na Kaole nzima inajua kwamba mkojo wake huchemka bila moto.

"Kwa hiyo ugonjwa wameutoa mule mule kichupani," alimalizia Bi Ashatu. "Asingekipeleka, ungemjia kwa njia gani?"

Bi Ashatu hakuwepo hospitali siku hiyo. Alikuwa Mbegani kwenye arobaini ya shangazi yake, na habari aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Lakini kuna watu waliojaliwa elimu na kuna watu waliojaliwa dirisha. Yeye alijaliwa dirisha linalotazama uwani kwa Bi Hajra, na kwa jinsi anavyojua kulitumia, dirisha hilo huona mpaka Kaole bila kusumbuka.

Alihadithia hayo akiwa ameketi mkekani kwa Bi Hajra mwenyewe, anakula halua ya wenyeji wake, anajifuta vidole taratibu ili isimpotee hata chembe. Pembeni Wahida, mke wa Mikdad mwana wa nyumba hiyo, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Mikdad ana duka la vipuri vya malori Msata, na nyumbani huja akikumbuka. Mkewe alimwacha kwa wazazi kama mtu anavyoacha mwavuli mlangoni: hana kazi nao leo, lakini ukihitajika ukutwe. Wahida alikuwa msichana wa maneno machache, kwa hiyo watu walidhani na masikio yake ni machache. Hilo lilimfaa sana.

Bi Hajra alisikiliza kisa chote bila kupepesa. Mwisho aliuliza swali moja tu.

"Hilo povu, watu wengi waliliona?"

"Jirani yangu, nakwambia wameitana."

Bi Hajra akanyamaza. Wahida naye akasimamisha mkono juu ya mbuzi, kwa maana alimjua mkwewe. Kuna kunyamaza kwa kusahau na kunyamaza kwa kupanga, na huku hakukuwa kwa kusahau.

Kesho yake ilikuwa siku ya mume wa Bi Hajra, Mzee Bwanausi, kupeleka kichupa.

Mzee Bwanausi alikuwa fundi wa halua, na kwa halua hakuwa na mpinzani Bagamoyo yote. Harusi isiyokuwa na halua yake ilionekana kama ndoa ya kukimbizana. Tatizo la fundi wa halua ni kuonja. Anaonja shira ikianza kuchemka, anaonja wanga ukiingia, anaonja iliki, anaonja samli, halafu akishaimimina kwenye sinia anaonja kuhakikisha kwamba kuonja kwa mwanzo hakukukosea. Alipoambiwa ana kisukari alishangaa sana, akauliza kimempataje mtu ambaye kwa mdomo wake mwenyewe hanunui hata soda.

Kisukari kilikaa kwake miaka, kikamwita mwenzake shinikizo la damu, wakaishi wote pamoja kwa amani. Halafu Daktari Majaliwa wa kliniki akapima mkojo wake akakuta protini. Wahida ndiye aliyempeleka mkwewe siku ile, na maelezo ya daktari aliyasikia kwa masikio yake.

"Mzee wangu, figo ni chujio," alisema Daktari Majaliwa, kijana mpole mwenye uso wa mtu asiyelala vizuri. "Chujio likiwa zima halipitishi protini. Likianza kutoboka, protini inapenya, inaingia kwenye mkojo, ndiyo unaona povu. Damu huchelewa kusema. Mkojo ni mbea, unasema mapema. Sasa nataka tuwe tunausikiliza. Kila miezi mitatu uniletee mkojo wa alfajiri, ule wa kwanza ukiamka, uje kama ulivyo. Nikiona povu linaongezeka najua ugonjwa unatembea, nitaongeza dawa. Likipungua, tunashukuru."

Mzee Bwanausi alirudi nyumbani na maelezo hayo, akamfikishia mkewe kama mjumbe anayeaminika. "Daktari anataka mkojo wa alfajiri. Nusu kichupa." Yale maneno "uje kama ulivyo" yalidondoka mahali fulani baina ya hospitali na sokoni, na hakuna aliyerudi kuyaokota.

Sasa, alfajiri ya siku ya kichupa, Wahida alitoka kwenda kuchukua maji ya udhu, akamkuta Bi Hajra uwani amechuchumaa mbele ya stuli. Juu ya stuli kuna bakuli la bati. Ndani ya bakuli kuna mkojo wa mumewe. Mkononi ana kijiko, anaengua povu.

Walaji wa halua wasipate taabu: kijiko kilikuwa kingine, kikongwe, na makazi yake tangu siku hiyo yalikuwa nyuma ya choo. Lakini mkono ulikuwa ule ule. Miaka yote ya ndoa yake, kazi ya Bi Hajra kwenye sufuria la shaba ilikuwa hiyo. Sukari ikichemka hutoa povu, na povu ni taka. Ukiliengua, shira inang'aa. Shira ikiwa nzito, unaitia maji. Ikishakaa sawa, unaitia marashi. Basi aliengua mpaka likaisha. Akainamisha uso akatazama, akaona bado mzito, akaongeza maji ya kisimani. Akachuja kwa kitambaa cha melimeli. Akamalizia kwa tone la marashi, moja tu, maana mtu mwenye kiasi hujulikana kwa mambo madogo. Akamimina kichupani, akafuta nje, akafunga kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi.

"Shikamoo mama," alisema Wahida.

"Marahaba. Chukua. Ukishike wima."

"Mama, daktari alisema uje kama ulivyo."

"Na wewe ukienda kwa watu unakwenda kama ulivyoamka?" alisema Bi Hajra. "Hunawi uso? Huvai kanga? Nenda, mtachelewa."

Wahida akaenda. Kwa mkamwana kuna sentensi ambazo hata akizitafuta hazipati, na sentensi ya kumwambia mkwe kwamba ameupika mkojo ni mojawapo.

Kliniki walichovya ndani ya kichupa kijikaratasi chao kinachobadilika rangi, na kijikaratasi hakikubadilika sana. Muuguzi alikinusa kichupa, akamtazama mzee kwa heshima. Daktari Majaliwa alisoma majibu, akacheka kwa furaha ya mtu ambaye wagonjwa wake kwa kawaida hawamsikii.

"Mzee wangu, hongera. Mkojo umesafika. Huu ni wa alfajiri kweli?"

"Wallahi ni wa alfajiri," alisema Mzee Bwanausi, na hakusema uongo.

"Basi ile dawa niliyotaka kuongeza tuiache kwanza. Endelea hivyo hivyo."

Hayo maneno mzee hakuyaacha yadondoke. Aliendelea hivyo hivyo. Alirudi kwenye sufuria lake akaonja kwa miezi mingine mitatu kwa ruhusa ya serikali. Jioni barazani, kwenye kahawa, alieleza wenzake kwamba figo si kitu, mtu ni kujitunza. Walipomuuliza anajitunza kwa kitu gani, ilimbidi awe na jibu, akasema kwa majani ya mlonge. Alikuwa hajawahi kuyatia mdomoni. Baada ya siku chache mlonge wa nyuma ya msikiti ulibaki fimbo tupu, na Bi Ashatu alikuwa anauza majani yake yaliyosagwa unga.

Na Wahida akawa anatazama.

Aliona miguu ya mkwewe inajaa kufikia jioni. Mzee alimlaumu fundi wa makubadhi, akasema ngozi za siku hizi zinasinyaa. Aliona kope zake zimetuna asubuhi. Bi Ashatu akasema amenenepa, mlonge umemkubali. Aliona anapanda ngazi za barazani kwa vituo, na wazee wenzake wakamsifu kwamba siku hizi ana utulivu. Kila alichopungukiwa Mzee Bwanausi, alitokea mtu wa kumpongeza.

Na aliona choo. Kukiosha choo ilikuwa kazi yake, na kila alipotangulia kuamka alikuta povu jeupe limekaa, haliondoki, kama mtu ametoka kufulia mle. Alipochelewa kuamka alikuta pameshamwagwa maji, hapana povu, panang'aa. Mwanzoni alidhani mzee mwenyewe ndiye anayemwaga.

Alimpigia simu mumewe Msata. Alimweleza taratibu, tangu kijiko mpaka marashi. Upande wa pili alisikia lori linanguruma, kisha Mikdad anacheka.

"Marashi? Mama huyo."

"Mikdad, baba anaumwa."

"Si umesema majibu mazuri?"

"Majibu ni ya kisima chetu. Ya baba hayajapimwa."

"Mambo ya wazee hayo, mke wangu, usiyaingilie. Mama anajua afanyalo. Ngoja nimhudumie mteja." Akakata, na mteja huyo alikuwa na shida kubwa sana, kwa maana hakumaliza kuhudumiwa wiki nzima.

Zamu nyingine ikafika. Kichupa kikaenguliwa, kikaongezwa maji, kikatiwa marashi, kikapelekwa. Kijikaratasi kikasema yale yale. Lakini safari hii Daktari Majaliwa hakucheka. Alimtazama mzee usoni, akaomba atazame na miguu. Akaubonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki, halina haraka ya kufukika.

"Mkojo unasema hivi, miguu inasema vile," alisema. "Mmoja hapa ananidanganya."

"Makubadhi hayo," alisema mzee.

"Na mkojo wenyewe umekuwa mweupe kama maji ya dafu." Daktari alikigeuza kichupa kwenye mwanga. "Sikilizeni. Kuna kipimo kingine, hapa hatuna, kipo Dar. Kinasoma kwenye mkojo vitu vidogo zaidi ya hiki chetu. Kinaonyesha figo inaelekea wapi na inakwenda kwa mwendo gani. Tumepewa nafasi chache na moja nimempa mzee. Gari la kupeleka vichupa linaondoka kesho asubuhi. Nileteeni wa alfajiri ya kesho."

"Na jibu likija?" aliuliza Wahida. Mkwewe aligeuka kumtazama, kama kiti kimeongea.

"Ndilo nitakaloamulia. Likisema figo zinakwenda, nambadilishia dawa siku hiyo hiyo, bado kuna cha kuokoa. Likisema zimetulia, nitaliamini, nitaitafutia miguu sababu nyingine." Alikirudisha kichupa mezani. "Tukikosea hapa, mara ya pili tutakayokutana na ukweli itakuwa kwenye mashine."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Wahida alipaona, akapapima. Mzee Bwanausi alikuwa amekaa pembeni yake, kanzu imenyooka, kofia imenyooka, mtu ambaye nusu ya mji imeolea kwa halua yake. Kumwambia mbele ya daktari na muuguzi kwamba mkewe humtengenezea mkojo, ingekuwa kumvua nguo hospitali na kumrejesha nyumbani bila nyingine. Akasema moyoni: nitamalizana na mama. Ni uamuzi rahisi sana mtu akiwa bado hajafika nyumbani.

Nyumbani mzee alitangulia kutoa taarifa, kwa fahari. Kichupa chake kinakwenda Dar es Salaam. Kimechaguliwa. Daktari ana neno moja tu, kwamba mkojo umezidi weupe.

"Umezidi weupe," alirudia Bi Hajra polepole. Alikuwa anachambua mchele, na vidole vikasimama.

Bi Ashatu alikuwa ameshasikia kupitia dirisha lake. Alikuja kutoa hongera na ushauri. "Dar, jirani yangu, si mchezo. Kule wanatumia darubini. Chochote kilichomo nyumbani kwako wanakiona."

Alfajiri Wahida aliamka kabla ya adhana. Alisikia bakuli la bati linagusa stuli, akatoka.

Bi Hajra alikuwa amejiandaa kama mtu anayesafirisha bibi harusi. Kitambaa cha melimeli kilikuwa kipya. Leso ilikuwa kipande cha hariri. Na kando ya chupa ya marashi palikuwa na kisahani chenye nyuzi za zafarani zimelowekwa, maji yake yamekuwa ya dhahabu. Daktari amesema mkojo umezidi weupe. Basi Dar hawatakuwa na la kusema. Kichupa chenyewe kilikuwa stulini, kimejaa nusu, bado hakijaguswa. Povu lilikuwa limepanda mpaka mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Nimesikia bakuli."

"Una masikio. Ungekuwa nayo juzi shira ilipokuwa inaungua."

Wahida akachuchumaa upande wa pili wa stuli. "Mama, usiliengue leo. Hilo povu ndilo analolitafuta daktari."

"Analitafutia nini? Kwake sabuni zimekwisha?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe unavyojionyesha. Ukilitoa na kutia maji, anasoma kisima."

"Wahida, mimi na sukari tumejuana kabla mamako hajakuzaa. Uliona wapi shira ikaharibika kwa kuenguliwa?"

"Sijaona. Ila shira haina figo, mama."

Bi Hajra alikitua kijiko. Alikitua kwa upole, na kwa Wahida hilo lilikuwa baya kuliko angekitupa. "Unataka kikafike Dar hivi? Wafunue, waitane? Waulize huyu wa nyumba ya nani?"

"Dar hawatujui."

"Ndiyo mbaya zaidi. Wanaotujua wanajua na mema yetu."

Ndani, mzee alikohoa kile kikohozi chake kipya kinachoanzia chini sana. Wote wawili walingoja kiishe. Hakikuwa na haraka.

"Unadhani silijui," alisema Bi Hajra. Alisema akitazama bakuli. "Wewe umeliona juzi. Mimi naliona tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kila alfajiri naamka kabla yenu nalimwagia maji, asilione mwenyewe akaogopa."

"Kumbe ni wewe."

"Nilidhani litachoka." Alivuta kanga juu ya bega ingawa haikuwa imeshuka. "Ile siku mliporudi mkasema daktari kampa hongera, mimi nililala. Tangu jua lizame mpaka adhana, nililala. Wewe ni msichana, usingizi hujui bei yake."

Wahida alikuwa na maneno ya kumkejeli, na yalikuwa mazuri, lakini aliyaona hayana pa kukaa. Mtu aliyemfumania akipamba mkojo alikuwa ni mwanamke anayeficha kifo kwa ndoo ya maji, kila siku, peke yake, na hakuna aliyemsaidia hata kubeba ndoo.

"Daktari kasema bado kuna cha kuokoa," alisema. "Kasema hivyo, mama, nilikuwepo. Lakini lazima auone unavyokwenda. Akiona zafarani atatuandikia zafarani."

"Na akiona hili, akamfunga kwenye mashine kama Masoud?"

"Masoud alikwenda limeshamwagika mezani. La baba bado liko kichupani."

Bi Hajra aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kumtazama mkamwana wake usoni, na alimtazama kwa muda, kama anayetazama shira aijue imefika au bado.

Mlango wa chumbani ulilia. Mzee Bwanausi alikuwa anauliza kutoka ndani kama kichupa chake kimeshafungwa leso, maana gari la Dar halimsubiri mtu.

"Mama," alisema Wahida, akanyoosha mkono juu ya stuli, kiganja wazi. "Nipe kilivyo. Nifunge kifuniko tu, nikipeleke."

Bi Hajra alikishika kichupa kwa mikono yote miwili. Hakukiinua kumpa, wala hakukiinamisha kwenye bakuli. Ndani ya mikono yake povu lilikuwa bado limesimama.